Carnets de voyage: tusiangalie tu yule anayesafiri

Kuko neno moja ambalo siku hizi liko mdomoni mwa vijana wengi waliomaliza chuo: kujitafuta. Mtu anatetea kazi yake ya mwisho, anapigiwa makofi, anapiga picha na toga, kisha miezi sita inapita bila kazi. Anasema: "Mi nakwenda kutembea kidogo, nijitafute, juu hii maisha ya kuamuka na kulala fasi moja imenichokesha." Na mara nyingi kuko rafiki pembeni atakayemwambia: kabla ya kwenda, angalia kwanza filme moja, Carnets de voyage. Utaona vijana wawili walivyotoka kwao bila pesa, wakakutana na watu njiani bila kupanga, wakarudi wakiwa watu wengine.

Mimi pia ninasema: iangalie. Ni filme nzuri. Lakini ninataka tuiangalie kwa macho ya watu wa huku kwetu, kando ya ziwa, juu yule kijana wa kwenye filme alifika hapa kwetu miaka 13 baada ya ile safari. Hilo filme haliongelei. Na tukiliweka pembeni ya filme, swali linabadilika. Hatuulizi tena tu kama safari inamsaidia msafiri ajijue. Tunauliza vilevile: na wale aliokutana nao njiani, walibaki na nini?

Filme yenyewe

Kwa wale ambao hawajaiona: Carnets de voyage ilitoka mwaka 2004. Aliyeitengeneza ni Walter Salles, mtu wa Brazil. Inasimulia safari ya kweli ya mwaka 1952. Ernesto Guevara, miaka 23, mwanafunzi wa udaktari kule Argentina, ambaye watu hawajaanza kumwita Che, anapanda pikipiki nzee pamoja na rafiki yake Alberto Granado, miaka 29, mtaalamu wa biokemia. Pikipiki ni Norton ya 500. Wameipa jina La Poderosa, maana yake Yenye Nguvu. Jina ni la kuchekesha tu, juu kila wakati inawaangusha. Wanapita Argentina, Chile na Peru, wanafika mpaka Venezuela. Gael García Bernal anacheza Ernesto, Rodrigo de la Serna anacheza Alberto. Habari ilitolewa kwenye maandiko ya safari ambayo wote wawili waliacha.

Mwanzoni filme inachekesha. Vijana hawa wanasema uongo ili wapate kula na kulala. Kule Chile gazeti moja linaandika kwamba hawa ni mabingwa wa ugonjwa wa ukoma, na wao wanatembea na lile gazeti mkononi kama barua ya mapendekezo, ili fundi awatengenezee pikipiki bila malipo. Sisi tuliosoma tunaweza kucheka sana hapo, juu tunaijua hiyo hila. Hata kwetu, neno "docteur" ao "ingénieur" linafungua milango ambayo mfuko hauwezi kufungua. Mtu hajamaliza hata staji, lakini mtaani tayari ni "docta".

Wakati huo wanakutana na watu, ndiyo, lakini kila mtu ni sahani ya chakula ao kitanda cha usiku. Wanapita tu.

Pikipiki inapokufa

Kwa maoni yangu filme inaanza kweli siku pikipiki inakufa. Sasa wanatembea kwa miguu, wanaomba nafasi juu ya malori, wanaketi pembeni ya barabara pamoja na wengine wanaongoja. Mwendo unapunguka, na kamera nayo inapunguza mwendo. Kabla ya hapo tuliona milima na maziwa mazuri. Sasa tunaona nyuso.

Hapo Salles ameelewa kitu ambacho mtu yeyote aliyesafiri katika inchi yetu anakijua bila kusoma kitabu. Gari likienda vizuri, hakuna anayemjua mwenzake. Kila mtu yuko na telefone yake, yuko na mawazo yake. Lakini acha kamio ikwame kwenye matope ya Ngomo wakati wa mvua, kati ya Bukavu na Kamanyola. Saa ya kwanza watu wananung'unika. Saa ya tatu mama mmoja anafungua mfuko wake wa ndizi, mwingine anatoa maji, na mzee aliyekuwa kimya tangu asubuhi anaanza kusimulia namna barabara hii ilivyokuwa zamani. Usiku ukiingia, mnajuana majina, mnajua nani anakwenda kwenye matanga na nani anakwenda kufuata deni. Kukutana kwa bahati hakuhitaji tu bahati. Kunahitaji wote wawe wamekwama pamoja, asiwepo mwenye kuweza kuondoka kwa haraka.

Filme inaonyesha hivyo vizuri sana ndani ya jangwa la Chile. Usiku, kwenye baridi, Ernesto na Alberto wanaketi karibu na moto pamoja na bwana na bibi mmoja. Hao wawili ni wakomunisti. Wamefukuzwa kwenye udongo wao, wanatafuta kazi kwenye mgodi, fasi ambayo kazi ni ya hatari mpaka hawamuulizi mtu ni wa chama gani. Halafu mama yule anauliza swali dogo: ninyi pia mnatafuta kazi? Hapana. Basi mnasafiri kwa nini? Nao wanajibu kwamba wanasafiri kwa ajili ya kusafiri tu.

Nendeni mwangalie uso wa mama yule akisikia hilo jibu. Hakasiriki, hacheki. Anawabariki. Kwangu hiyo ni dakika yenye nguvu kuliko zote za filme. Fasi moja, moto mmoja, baridi moja, lakini kuko safari mbili ambazo hazifanani: mmoja anatembea juu hana fasi ya kukaa, mwingine anatembea juu fasi yake imemchosha. Wote wawili tunaita "msafiri".

Kesho yake wanafika Chuquicamata, mgodi mkubwa wa shaba ambao wakati ule ulikuwa mikononi mwa kampuni ya Wamarekani, Anaconda. Mkubwa wa kazi anasimama mbele ya kundi la watu, anachagua kwa kidole: wewe, wewe, na wewe. Wengine wabaki. Ernesto anaona kiu ya wale watu, anakasirika, anatupia lori jiwe. Wasomaji wetu wa Kolwezi na Likasi hawana haja ya maelezo. Wanaijua shaba, wanakijua kidole kinachochagua asubuhi, na wanajua vilevile kwamba jiwe halisimamishi lori.

Wema unaorudi kwa mwenyewe

Sasa nianze kusema fasi filme inanisumbua.

Wale bwana na bibi wa jangwani, majina yao ni nani? Filme haituambii. Walipata kazi? Hatujui. Tunajua kitu kimoja tu: baadaye, Alberto anapoulizia dola 15 ambazo mchumba wa Ernesto alimpa amnunulie nguo huko mbele, tunasikia kwamba Ernesto aliwapa wale wawili. Wakati wa kupeana hatukuuona. Tunaona mshangao wa Alberto, na sisi wenyewe tunashangaa pamoja naye: kumbe kijana huyu yuko na moyo namna hii! Zawadi imegeuka habari ya aliyetoa. Waliopokea wameshatoka kwenye filme.

Na hivyo ndivyo filme inavyofanya kila mara. Ernesto anamwandikia mama yake barua, na sauti yake inatueleza yale aliyoyaona. Watu wa njiani wanakuwa maneno ndani ya barua ya mtu mwingine. Kule Cuzco mtoto wa pale ndiye anayewatembeza mjini na kuwafungulia historia ya kuta za Wainka. Anaiga, anachekesha, anajua mambo. Dakika chache, amekwisha. Kule Lima daktari Hugo Pesce anawapokea nyumbani mwake, anawapa vitabu. Huyo yuko na jina, juu ni msomi mwenzao.

Fasi ya mwisho kubwa ni San Pablo, kituo cha wakoma kando ya mto Amazon, kule Peru. Waganga na masista wanakaa ng'ambo moja ya mto, wagonjwa ng'ambo ya pili. Sheria inasema mtu avae glavu kabla ya kuwagusa. Ernesto na Alberto wanakataa glavu, wanasalimia kwa mkono mtupu. Hapo ni vizuri, tena filme inampa msichana mmoja mgonjwa, aliyekataa kupasuliwa, nafasi ya kusema yaliyo moyoni mwake. Halafu inafika siku ya kuzaliwa ya Ernesto, tarehe 14 mwezi wa 6, anatimiza miaka 24. Karamu inafanyika ng'ambo ya waganga. Usiku Ernesto, mtu mwenye ugonjwa wa asima, anajitupa ndani ya mto ili aende kusherehekea na wale wa ng'ambo ya pili. Tunasikia pumzi yake inavyokatika. Rafiki yake anapiga kelele. Wagonjwa wanatoka na taa, wanamshangilia.

Nilipenda, sitaficha. Lakini fikirini kidogo. Usiku ule wagonjwa wanafanya kazi gani ndani ya filme? Kazi yao ni kungoja, halafu kupiga makofi. Mto ni wao, upweke ni wao, ugonjwa ni wao, lakini ushindi ni wa mtu atakayeondoka baada ya siku chache. Mtu amejipata, na wale waliomsaidia ajipate wanabaki ng'ambo ileile.

Ninadhani Salles mwenyewe aliona hilo deni. Ndiyo maana karibu na mwisho anatuonyesha picha nyeusi na nyeupe za watu wa njiani: wachimbaji, wamama, wakulima. Wamesimama kimya, wanatuangalia sisi machoni. Ni picha za heshima. Lakini wako kimya. Mtu unayemheshimu na ambaye hajasema neno, bado hujakutana naye.

Safari ambayo filme haina

Mwaka 1965, mwezi wa 4, tarehe 24, mashua moja ilitoka Kigoma usiku, ikavuka ziwa Tanganyika, ikafika Kibamba, upande wetu. Ndani mlikuwa Ernesto Guevara. Sasa ana miaka 36, ameshapigana Cuba, ameshakuwa waziri. Amekuja kwa siri kusaidia uasi wa Simba katika milima ya Fizi. Hata wakubwa wa uasi hawakuambiwa mbele kwamba ni yeye mwenyewe anakuja. Wacuba walipewa majina ya kihesabu cha Kiswahili. Víctor Dreke akaitwa Moja, José María Martínez Tamayo akaitwa Mbili, Guevara akaitwa Tatu. Mnajua tunavyosema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu Tatu alikuja na jembe lake tayari mkononi, na shamba alikuwa ameshalichora kichwani.

Alikaa karibu miezi saba. Mwezi wa 6 shambulio la Bendera lilishindwa. Tarehe 21 mwezi wa 11 akavuka tena ziwa kwenda Kigoma. Baadaye, akiwa amejificha Dar es Salaam, akaandika kitabu juu ya Kongo, na tangu mwanzo wa kitabu anakubali kwamba anasimulia mambo yaliyoshindikana. Kilikaa miaka mingi bila kuchapwa. Wengi wamekisoma ili wajue aliwasema nani vibaya, hasa Laurent-Désiré Kabila. Mimi kilichonishika ni fasi ya mwisho, anapojipima mwenyewe. Anasema kwamba hakujifunza Kiswahili upesi wala vizuri. Alikijua Kifaransa, na Kifaransa kilimwezesha kuongea na wakubwa, lakini kilimweka mbali na askari wa kawaida.

Tuweke hilo pembeni ya moto wa jangwani. Kule Chile, bwana na bibi walisema, yeye akasikia, juu wote walikuwa na lugha moja. Mama aliweza kuuliza: mnasafiri kwa nini? Huku Fizi swali hilohilo lingeweza kuulizwa na mama yeyote wa kijijini, naye angestahili kulijibu. Lakini lingepaswa kupita kwanza mdomoni mwa mtu mwingine. Sisemi kwamba aliwadharau wakulima. Aliwatibu, na aliandika vizuri juu yao kuliko alivyoandika juu ya wakubwa wao. Lakini kumtibu mtu na kumsikia si kitu kimoja. Yule aliyefunguliwa macho na barabara ya Amerika ya Kusini, hapa kwetu alitembea kilometa nyingi milimani, na macho hayakutosha. Ilihitajika sikio, na sikio njo lugha.

Kijana aliyekuwa katikati

Kulikuwa na mtu mmoja aliyesimama kati ya Tatu na watu wetu: Freddy Ilanga. Alikuwa kijana mdogo, hajafika hata miaka 20. Waasi walimpa kazi ya kumfundisha huyo mgeni Kiswahili na kumtafsiria. Hakuchagua. Hakuwa anajitafuta. Alikutana na mtu wa ajabu kwa bahati tu, yaani ile bahati ambayo sisi wote tunaiota tukisema tunataka kusafiri.

Vita viliposhindikana, Freddy alipelekwa Cuba. Akasoma udaktari, akawa daktari, akaoa, akazeeka. Karibu miaka 40 alikaa mbali na wazazi wake na inchi yake. Alikufa kulekule Cuba mwaka 2005. Katrin Hansing alitengeneza filme fupi ya kweli juu yake. Ni filme ndogo, haikupata zawadi ya Oscar kama wimbo wa Carnets de voyage, ulioipata mwaka 2005, mwaka uleule aliokufa Freddy. Lakini mimi ninaomba tuziangalie hizo mbili pamoja, moja baada ya nyingine.

Juu sasa tunaona kitu ambacho ya kwanza haionyeshi. Ile siku ambayo wewe msafiri unaita "nilikutana na mtu fulani wa ajabu", kwa mtu huyo inaweza kuwa siku ambayo maisha yake yaligeuka, na wewe ukaendelea na njia yako. Tatu alivuka ziwa, akaandika kitabu, akaenda Bolivia, akauawa kule mwezi wa 10 mwaka 1967. Mwalimu wake wa Kiswahili alilipa ile safari kwa miaka yote iliyobaki. Alipata pia: alipata elimu, alipata kazi ya heshima. Sitasema maisha yake yalikuwa ya bure, hiyo si haki yangu. Ninasema tu kwamba bei ilikuwa yake, na katika hesabu ya safari za mtu mkubwa, bei hiyo haiandikwi.

Watakaonijibu

Najua kuko atakayesema: ndugu, unaionea hii filme. Ni filme ya mwaka 1952, si ya 1965. Tena ni habari ya ujana. Acha vijana wafurahi. Hiyo ni kweli nusu. Salles anatuonyesha Ernesto yule juu sote tunamjua Che. Asingekuwa Che, nani angetengeneza filme ya wanafunzi wawili na pikipiki mbovu? Filme inakopa nguvu kwa yale yaliyokuja nyuma, lakini inafunga mlango kabla hayajafika. Mwishoni tunaonyeshwa Alberto Granado wa kweli, akiwa mzee, anaangalia angani, na maandishi mafupi yanatukumbusha Kongo na Bolivia. Sisi ni hilo neno moja ndani ya yale maandishi. Kama mtu wa Fizi ao wa Kalemie hatauliza juu ya neno hilo, nani atauliza?

Mwingine atasema: safari za kujitafuta ni mambo ya watoto wa wazungu, sisi pasipoti na viza vinatushinda. Hapo ninamkubalia zaidi. Hawa vijana wawili hawakuwa na pesa, lakini mipaka iliwapitisha. Kwetu, kijana anatengeneza karatasi wiki nzima ili avuke mto anaouona kwa dirisha. Tuko ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022, lakini bariere bado ni bariere. Na tuongeze: walikuwa wanaume. Chichina, mchumba wa Ernesto, anabaki nyumbani kwa wazazi wake na anaandika barua ya kuachana. Dada yetu aliyemaliza sosiolojia hawezi kugonga usiku kwenye nyumba asiyoijua na kusema "nipeni pa kulala, ninajitafuta". Filme haioni kwamba uhuru huo si wa wote. Dada zetu wakiiangalia, wanauona mara moja.

Lakini sitaki tufikie mwisho wa kusema: basi, hatuwezi kusafiri, tukae. Huku kwetu watu wanasafiri kuliko hao wawili. Wamama wa biashara wanavuka mpaka asubuhi na kurudi jioni, na vitambaa, na samaki, na lugha tatu. Wanafunzi wanatoka Beni kwenda kusoma Kisangani ao Bunia. Na wengi, wengi mno, wamesafiri juu ya kukimbia, mtoto mgongoni na godoro kichwani. Hao hawakwenda kujitafuta, na wengine wao walipoteza mpaka karatasi za kuonyesha wao ni nani. Lakini wamekutana na watu. Wamelala kwenye nyumba za wageni ambao leo wanawaita ndugu. Kama kuko mtu anayejua nini maana ya kukutana na mtu kwa bahati, ni mama aliyefungua mlango usiku kwa familia asiyoijua. Na huyo mama hakutoka nyumbani kwake.

Kwa hiyo umbali hautuambii kitu. Mtu anaweza kwenda Dubai na kurudi na picha tu. Mwingine anaweza kutoka Bagira kwenda Kadutu, akakaa siku nzima na fundi wa viatu, akarudi akijua kitu ambacho chuo hakikumfundisha.

Namna ya kuiangalia

Basi ninashauri hivi kwa wale watakaoiangalia wikendi hii. Iangalieni pamoja, watu watano, sita. Fasi ya moto wa jangwani, simamisheni kidogo, kila mmoja ajibu lile swali la yule mama: wewe unasafiri kwa nini? Bila Kifaransa kikubwa. Jibu kama unavyoweza kumjibu mama yako jikoni. Utaona kwamba si rahisi.

Halafu ikiisha, msiulize "Ernesto alijifunza nini?" Hilo filme imeshalijibu, hata mara mbili. Ulizeni juu ya mtu mmoja mmoja: yule bwana wa mgodini, yule mtoto wa Cuzco, yule msichana wa San Pablo. Tunajua jina lake? Alisema kwa lugha yake? Tulisikia anataka nini, mbali na yale ambayo msafiri alitaka kusikia? Alipobaki, alibaki na nini?

Na wewe unayefunga mfuko wako kesho, kwenda Kindu, kwenda Kampala, kwenda kwa mjomba Kalemie, beba hayo maswali manne. Utakutana na watu, hilo halina shaka. Inchi yetu haimwachi mtu apite peke yake. Jifunze kusalimia kwa lugha yao kabla ya kufika, hata kama ni Kibembe cha maneno kumi ambacho watakucheka. Uliza jina na uliandike sawa. Ukiahidi kurudisha picha, rudisha. Na ukikuta kijana anayekutafsiria, uliza kwanza yeye alikuwa anaelekea wapi kabla wewe hujafika.